Karatasi ya Daktari Niliyoificha Mara Mbili

Zaina mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi hii ulipokuwa ukinifunga vifungo vya shati kana kwamba mimi ndiye mtoto, kwa hiyo sitazirudia. Wala sitakuandikia habari za chakula. Mama yako amekwisha kukuambia yote, na kesho kwenye boti atakuambia tena mpaka abiria wacheke: usile mkate, usile mandazi, usile biskuti hata ukipewa na padri, sufuria yako iwe yako peke yako. Sasa hivi namsikia uani anatwanga ndizi za makemba kuwa lituma utakayokula njiani, na anavyotwanga utadhani makemba yamemkosea. Hayo ya jikoni namwachia yeye.

Nimefunga duka mapema. Jua bado kali, wateja wawili wamegonga na sikuitika. Nimekaa kwenye meza ya kukatia, nimesukuma vitambaa pembeni, na hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana. Unanijua, mdomo wangu haujawahi kukosa neno, mama yako husema nikizikwa ulimi utabaki nje. Lakini leo naokota maneno moja moja kama mtu anayeokota pini sakafuni.

Siku ulipoleta barua ya kazi, kwamba umepata shule ya watoto wadogo Yangambi, mama yako alipiga vigelegele na mimi nikatoka nje nikijifanya natafuta mkasi. Uliona. Ulinifuata ukaniuliza, "Papa, haufurahi?" Nikasema nafurahi sana, ni vumbi tu. Nilifurahi kweli, Zaina. Lakini Yangambi ndiko alikozaliwa Madamu Febronia, na mama yake bado yuko huko, mzee sasa, anauza samaki karibu na mashamba ya utafiti. Mahali penyewe ni padogo. Wiki ya kwanza haitaisha hujakutana naye. Utamwambia, mimi ni Zaina wa Kisangani, Madamu Febronia alinifundisha. Na yeye atakujua, kwa sababu jina lako alilisikia kabla hujajua kuliandika.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza Madamu alikwenda wapi. Nilikujibu kwamba alishuka mto. Ulipokua uliacha kuuliza, nadhani ulielewa mwenyewe kwamba alikufa wakati wa uasi kama watu wengi wa mji huu. Hilo ni kweli. Ila mimi ndiye niliyetaja jina lake.

Nimeinua kalamu nikanywa maji, nimerudi. Nitakueleza tangu mwanzo, maana ukiisikia nusu utanionea huruma, na sitaki.

Ulizaliwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Zamani zile mkate ulikuwa wa wazungu na wa makarani. Sisi tulikula kwanga ya muhogo na wali, na watu wa dini yetu walikanda unga wa ngano siku za Idi. Uhuru ulipokuja nilisema nyumbani kwangu utaliwa mkate kila asubuhi, na mtoto wangu atauchovya kwenye chai kama mtoto wa bwana mkubwa. Nilikuwa nikikulisha mwenyewe. Ulipofika mwaka na nusu tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, mikono myembamba kama uzi, unaharisha mchana na usiku, unalia ukiguswa. Majirani wakasema ni uchawi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu dada yangu mdogo, Mwajuma, alikufa na tumbo la namna ile ile akiwa na miaka minne, na kwake pia walisema uchawi.

Mama yako hakusubiri. Alikubeba mgongoni mpaka hospitali. Kulikuwa na daktari mzungu mmoja, mtu mnyamavu, aliyebaki wenzake walipokimbia. Alikulaza, akakunyima mkate, akakupa ndizi na wali na samaki. Wiki ya tatu uliniona mlangoni ukacheka. Nililia mbele ya wauguzi bila aibu. Daktari akaandika karatasi kwa Kifaransa, akanisomea kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Huyu mutoto, ngano hapana. Hata kidogo. Hata vumbi yake. Si ugonjwa ya kuambukiza. Weye onyesha hii papier kwa kila mutu anachunga mutoto." Nikamwahidi kwamba nitaionyesha.

Ulipokaribia miaka mitano nilikupeleka shule ya masista, darasa la wadogo. Nilikuvalisha gauni la kola nyeupe nililolishona siku mbili. Karatasi ilikuwa katika mfuko wa shati langu. Mbele yetu kwenye mstari alisimama mama mmoja na mtoto mwenye vidonda kichwani, na sista mzee akamwambia, "Mutoto mugonjwa hapana. Rudi akipona." Yule mama akaondoka ameinamisha kichwa. Nikauona ugonjwa wako, usiopona, na gauni lako la kola nyeupe. Nikasukuma karatasi chini kabisa ya mfuko.

Aliyekuwa akiandika majina ya darasa lenu ni Madamu Febronia. Alikuwa hajafika hata miaka ishirini na mitatu. Aliniuliza vizuri tu, "Papa Zaina, iko neno juu ya mutoto nijue?"

Nikasema, "Ekila."

Wewe umekua katika mji ambao watu wamejifunza kuicheka ekila, lakini wakati ule kila ukoo ulikuwa na mwiko wake. Huyu hali kambale, yule hali nyama ya ngedere, mwingine hagusi yai mpaka azae. Na uzuri wa ekila, kwa mwongo kama mimi, ni kwamba haiulizwi sababu. Nikamwambia kwamba upande wa mama yako, watu wa maporomoko, hawagusi ngano. Ona nilivyofanya. Ugonjwa ulitoka upande wangu, kwa Mwajuma, nami nikautupia upande wa mama yako.

Madamu akatabasamu. "Ngano? Wazee wa maporomoko walijua ngano wapi, Papa Zaina?"

"Ekila iko ekila," nikasema, nikakaza uso.

"Bon," akasema, akaandika.

Mama yako aliponiuliza jioni kama nimewaonyesha karatasi, nilisema ndiyo.

Sasa sikiliza jinsi uwongo ule ulivyofanya kazi. Mara mbili kwa wiki Madamu alikuwa akiwapa wenzako unga wa ngano, chumvi kidogo na maji, wakakanda. Wengine walitengeneza kuku, wengine mikate, kisha wakafungua soko, wakauziana kwa majani badala ya pesa. Wote walikuwa wakimeza walichokiuza, ndiyo michezo ya watoto. Wewe ulikaa dirishani na kibao chako. Watoto wakasema, "Musimuguse, iko na ekila." Ukawa unarudi nyumbani kimya. Mimi nikafikiri ni tabia ya shule.

Yeye aliona, na haikumpa raha. Kuna jambo aliloniambia baadaye. Ndugu yake mdogo alikufa kwa udhaifu akiwa na miaka mitatu, samaki yumo chunguni, kwa sababu samaki yule alikuwa ekila ya nyumba yao. Madamu alikuwa ameapa kwamba darasani kwake hakuna mtoto atakayenyimwa kitu kwa ajili ya hofu ya wazee. Baada ya Pasaka akakushika mkono, akakutoa dirishani, akakuweka mezani na wenzako. Akawaambia, mwaona, hakuna kilichotokea. Na kweli siku ile hakuna kilichotokea. Ningekuwa nimemwambia ni ugonjwa, angekulinda kuliko nafsi yake. Nilimwambia ni ekila, naye akataka kukuokoa nayo.

Siku hiyo nilikuja kukuchukua. Ulinikimbilia umbali wa uwanja mzima, jambo ambalo ulikuwa hujalifanya miezi mingi. "Papa! Nilitengeneza samaki! Nilimuuza!" Chini ya kucha zako kulikuwa na weupe, na kwenye nywele pia. Zaina, niliuona. Nilitoa leso nikakufuta vidole kimoja kimoja, nikajiambia kuchezea si kula, na mtoto anacheka. Sikurudi nyuma hatua kumi kwenda kusema neno moja kwa mwalimu wako. Ningesema nini? Kwamba nilidanganya?

Zikapita wiki. Ikakaribia sikukuu ya uhuru, mkawa mnatengeneza bendera na mataji ya karatasi, na gundi yake ilikuwa unga wa ngano uliopikwa. Mlilamba vidole. Tumbo lako likaanza kurudi, taratibu, mimi nikasema ni minyoo. Asubuhi moja ulishindwa kusimama. Mama yako alikuvua nguo akuogeshe, akaona matako yamekwisha, akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tena mpaka wiki iliyopita.

Nilichukua karatasi nikaenda shule mbio. Ndipo nilipoitoa, mwanangu. Niliitoa kumpigia mtu nayo. Nilisimama katikati ya darasa nikapiga kelele, "Umemulisha mutoto yangu sumu! Soma! Soma hapa!"

Alisoma. Kisha akasema polepole, watoto wote wakisikia, "Lakini Papa Zaina, juu ya nini haukunionyesha? Ningepika colle ya muhogo. Ningeenda mutoni kutafuta udongo. Ni kazi ya siku moja tu."

Nikaongeza kelele.

Kesho yake hakuwa tena na unga wa ngano darasani. Alisugua meza zote kwa sabuni, akamwaga bakuli la gundi, akapika gundi ya muhogo, akaenda mwenyewe ukingoni akarudi na kikapu cha udongo kichwani. Si kwa ajili yako peke yako. Alibadilisha mchezo wa darasa zima, ili usiwepo mtoto wa kukaa dirishani. Akawafundisha wenzako kwa wimbo wa kunawa mikono, na ukirudi nilikuwa nikisikia mtoto wa jirani akikemea wengine, "Ule biskuti mbali na Zaina!" Na zile wiki tatu ulizolala nyumbani alikuja kila alasiri, na udongo umefungwa kwa jani la ndizi, akakaa mkekani akacheza nawe. Yule samaki mwenye jicho moja aliye kwenye rafu ya mama yako ni wa siku hizo. Unasema humkumbuki aliyemtengeneza. Mlimtengeneza wawili.

Ningepaswa kumshukuru. Nilimchukia. Siku moja akiwa mkekani aliitazama ile karatasi, akasema bila ubaya wowote, "Hii papier iko ya zamani. Donc ulikuwa nayo siku ya kuandikisha?" Mama yako akageuka akanitazama. Akaendelea kuchambua majani ya sombe, lakini tangu hapo kila Madamu alipoingia mlangoni niliona aibu yangu ikiingia na viatu. Nilianza kumsema sokoni. Nikasema ni msichana wa masista, anadharau mila, kidogo aniulie mtoto. Watu waliitikia, maana walikuwa hawajui karatasi. Kila niliposema ilizidi kuwa kweli kinywani mwangu.

Naye, masikini, hakujua. Aliniletea kitambaa cha kijani nimshonee eproni ya darasani, yenye mifuko miwili mikubwa. "Moja ya chaki, moja ya udongo," akasema, akacheka. Niliupima mwili wake, nikaandika vipimo ukutani kwa chaki, nikakiweka kitambaa chini ya vingine.

Kisha waasi wakaingia mjini. Askari wa serikali walivua sare barabarani wakakimbia. Wale walioingia walivaa majani na ngozi vichwani, wameogeshwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na miko mingi: usiguse hiki, usile kilichopikwa na fulani, usitazame nyuma. Atakayevunja, dawa itamvunjikia. Walikuwa wakiishi kwa mwiko kutwa nzima, na mtu wa kalamu na Kifaransa alikuwa adui yao hata kabla ya kufungua mdomo.

Wiki ya pili mkubwa wao mmoja akaja dukani na kitambaa cha suruali. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Nilimpima kiuno, nikapiga magoti nimpime mguu. Fundi akiogopa huongea, nami niliongea. Nikasifu dawa yao, nikasifu heshima yao kwa mambo ya wazee. Nikasema laiti watu wote wa mji huu wangekuwa hivyo, kumbe wengine wanatemea ekila mate. Akasema, "Nani?" Nikacheka kidogo, nikasema yupo mwalimu, alimlisha mtoto wangu kitu cha mwiko mbele ya darasa zima, makusudi, aonyeshe kuwa si kitu.

"Jina lake?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa ili niseme vizuri.

Hicho ndicho ninachokiona, Zaina, miaka kumi na mitatu. Pini nne katika kiganja changu. Laiti ningezibakiza mdomoni. Nilijua haikuwa ekila. Nilijua hakuvunja mwiko wa mtu. Nilijua kuliko mtu yeyote chini ya jua, na karatasi ya kuthibitisha ilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka nilipopiga magoti.

Walimchukua kesho yake asubuhi, akiwa nyumbani kwa masista. Mama yako alisikia sokoni akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka. "Chukua karatasi! Wanasema alidharau ekila. Waonyeshe ilikuwa ugonjwa! Kimbia, Papa Zaina!" Hakujua ni nani aliyewaambia. Nilichukua karatasi nikaenda, nataka ujue kwamba nilikwenda. Nilifika mpaka lango la nyumba walikokuwa wakiwafungia watu karibu na mto. Pale langoni walikuwa wakimpiga karani mmoja kwa sababu wamemkuta na barua ya Kifaransa mfukoni. Ilikuwa barua ya shemeji yake tu, ya habari za mazishi. Nikaikumbuka yangu, ya Kifaransa, kwa mkono wa mzungu. Watu waliniona nikisimama, wakaniona nikigeuka.

Nyumbani nilimwambia mama yako kwamba wamekataa kunisikiliza. Kisha nikafumua bitana ya koti langu jeusi, nikaishona karatasi ndani, mishono midogo, mizuri. Siku ya tatu tukasikia kwamba amekufa. Namna alivyokufa sitakuandikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuumbuka, kifo kilimpata mwenzangu na mimi nikaendelea kushona.

Vita vilipokwisha na njia ya mto kufunguka, mama yake alikuja kutoka Yangambi kwa mtumbwi kuchukua vitu vya mwanawe. Katika daftari la Madamu masista walikuta imeandikwa: eproni, kwa Papa Zaina. Basi akaja dukani. Mwanamke mfupi, mkono mmoja umeushika mwingine. Akauliza kama eproni iko tayari. Nikasema bado, kwa sababu ya vita. Vipimo bado vilikuwa ukutani nyuma yake.

"Haina neno," akasema. "Na yule mutoto wa ngano? Iko muzima?"

Nikasema, "Iko muzima, Mama."

"Mungu asifiwe. Febronia alihangaika sana juu yake. Kila barua, Zaina, Zaina."

Akaniaga kwa mikono miwili, akaenda. Zaina, nimeswali miaka yote hii, nimefunga kila Ramadhani, na sijapata kusikia neno lililonishinda kubeba kama lile la "haina neno."

Eproni niliishona wiki ile ile. Imekaa katika sanduku la vitambaa mpaka leo. Mara nyingi nilimtafuta mtu wa kuipeleka, nikijua vizuri simtafuti.

Mama yako nilimwambia Jumatatu iliyopita. Hakupiga kelele ila ule ukelele mmoja. Siku tatu alinitengea chakula bila neno. Ya nne akasema, "Utamuandikia. Wewe, si mimi. Na kabla hajapanda boti." Ndiyo maana anatwanga namna ile.

Nilitaka kukupa wosia lakini nimeona sina haki nao. Nitakuambia tu ninayoyajua kwa kuwa nimeumia nayo. Utakuwa na meza, unga, gundi na watoto ishirini wanaotia kila kitu mdomoni. Atakuja baba mmoja mwenye shati safi, akupe sababu isiyosimama. Usiicheke, wala usipigane nayo. Mpeleke pembeni, muulize anaogopa nini. Madamu alikuwa na akili kuliko mimi, lakini hilo moja hakuniuliza, na ningekuwa na miaka yake mimi pia nisingeuliza. Na kama yuko mtoto asiyeweza kugusa mchezo, tupa mchezo. Yeye alifanya hivyo kwa siku moja, kwa kikapu kimoja cha udongo.

Na karatasi sasa ni yako. Imechakaa kwenye mikunjo na ina alama za sindano yangu pembeni, lakini maneno yanasomeka. Iwe mkononi mwako siku ya kwanza, kwa mkuu wa shule, kwa mpishi, kwa mwenye nyumba utakayepanga kwake. Wakikurudisha kwa sababu yake, rudi. Heri urudi.

Kuhusu mzee wa Yangambi siwezi kukutuma. Eproni nitaitoa, ukipenda umpelekee, ukipenda uiache. Usimwambie ni zawadi. Ni yake tangu zamani. Ukimwambia na mengine yote, mwambie yalivyo, usinipunguzie. Kama atataka kuja kunitazama usoni, duka liko pale pale, na nauli ya boti nitaituma mimi. Sikuombi unisamehe. Nakupenda, na nilikupenda hata siku ile nikikufuta vidole kwa leso, na upendo wangu haukumsaidia mtu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya nguo, uione ukiwa umekwisha kufika Yangambi. Nilikuwa nimeshaipasua hata bitana ya sanduku. Nimeitazama ile bitana, na sindano yenye uzi tayari mkononi mwangu, nikajijua.

Kwa hiyo nitafungua mlango sasa. Nasikia unacheka na mama yako uani, umechukua mchi kumpokea. Nitakuita, nitakupa barua hii mkononi na karatasi ya daktari na eproni, mchana huu, jua likiwaka. Uisome hapa hapa kwenye meza ya kukatia. Mimi nitakaa kwenye kiti cha wateja, mbele yako, mpaka umalize, na sitasema neno.

Baba yako.